Mkimwita mke kliniki, mwiteni na mume

Mwaka 2007 na 2008 timu ya wataalamu wa macho iliyoongozwa na Dkt Wanjiku Mathenge ilizunguka iliyokuwa Wilaya ya Nakuru, mjini na mashambani, ikiwapima watu wa umri wa miaka 50 na zaidi. Walipimwa karibu watu 4,400. Macho ndiyo yaliyokuwa lengo, lakini timu ilipima pia shinikizo la damu, uzito na sukari, na matokeo yake yanatisha hadi leo. Nusu ya waliopimwa walikuwa na shinikizo la juu. Asilimia 6.6 walikuwa na kisukari. Wa mjini walikuwa na hali mbaya kuliko wa mashambani. Na kati ya wagonjwa wa kisukari waliopigwa picha za retina, zaidi ya theluthi moja walikuwa wameanza kuharibika mishipa midogo ya nyuma ya jicho.

Kila ninapousoma utafiti huo najiuliza jambo ambalo haukukusudiwa kulijibu. Yule aliyekuwa akila meza moja na mgonjwa, sukari yake ilikuwa ngapi? Kisukari cha aina ya pili hakiambukizwi kwa pumzi wala kwa damu. Lakini mtu na mkewe wanakunywa chai ya chupa moja, wanapakuliwa ugali wa sufuria moja, na jioni wanakalia kochi moja kuanzia taarifa ya habari ya saa moja mpaka usingizi uwachukue. Miaka ishirini ya maisha ya namna hiyo huifanya miili miwili isiyo na undugu wowote ifanane.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada walikusanya tafiti zilizokwisha kufanywa kuhusu jambo hili, wakakuta kwamba mtu ambaye mwenzi wake ana kisukari, uwezekano wa yeye naye kukipata ni mkubwa kwa takriban asilimia 26. Mwaka uliofuata, watafiti wa chuo hicho hicho waliwaangalia wanaume ambao wake zao walipata kisukari wakati wa ujauzito. Wanaume hao, ambao hawakubeba mimba yoyote, walikuwa na uwezekano wa kupata kisukari baadaye uliozidi wa wenzao kwa karibu theluthi moja. Baba na mama hawa hawana damu moja. Wanachoshiriki ni jiko, mfuko na mazoea.

Ndiyo maana naamini tunakosea tunapompa mtu mmoja ushauri wa kujikinga na kisukari, kisha tukamrudisha peke yake katika nyumba ambayo haijasikia lolote. Na mara nyingi mtu huyo mmoja ni mwanamke. Ndiye anayefika kliniki, kwa ajili ya mimba, kwa ajili ya chanjo ya mtoto, kwa ajili ya mama mkwe. Ndiye anayeambiwa apunguze mafuta, apunguze chumvi, apunguze wanga. Akifika nyumbani anakuta mume ambaye tangu atoke shuleni hajawahi kupimwa chochote, mwenye njaa, anayesubiri chakula.

Hebu tukitazame chakula chenyewe, kwa sababu hapa ndipo mashauri mengi ya afya yanapoanza kusikika kama ya watu wa nchi nyingine. Sisi wa Bonde la Ufa la kati tumezungukwa na wanga. Viazi vinatoka Molo, Elburgon, Kuresoi na Mau Narok. Ngano imelimwa Njoro tangu enzi za Lord Delamere, na watafiti wa mbegu za ngano wako huko huko hadi leo. Mahindi yanajaza maghala ya Rongai, Bahati na Subukia. Anayemwambia mkulima wa Molo aache viazi anapoteza muda wake na wa mkulima. Kibaya zaidi, hasemi kweli, maana babu na bibi zetu walikula wanga mwingi na kisukari hakikuwajia kwa wingi huu. Githeri ya mahindi na maharagwe ni chakula kizuri. Managu, terere, saga na kunde huota kwenye udongo huu huu, na maziwa ya mursik ya Wakalenjin hayajawahi kuhitaji sukari.

Kilichobadilika ni kazi, na upishi pia. Mtu aliyelima tangu alfajiri aliitumia nguvu ya ugali wake kabla jua halijatua. Leo mlima ule wa ugali bado uko kwenye sahani, lakini anayeula amekwenda kazini kwa bodaboda, akaketi mchana kutwa, akarudi kwa tuktuk. Kiazi kilichokuwa kikichemshwa na kupondwa pamoja na mboga za majani sasa kinaingia kwenye mafuta, na njiani kutoka stendi ya matatu mpaka mtaani ni vibanda vya chipsi tu. Halafu kuna chai. Katika baridi ya Molo au ya Mau Narok chai ya maziwa ni ya lazima, wala sitamwambia mtu asinywe. Lakini tupige hesabu. Mume na mke wanaokunywa vikombe vinne vinne kwa siku, vijiko viwili kila kikombe, wanatumia vijiko 16. Kijiko kimoja cha chai kina gramu 4 hivi. Hizo ni gramu 64 kwa siku, karibu kilo 2 kwa mwezi, kabla ya mandazi na kabla ya soda. Kila mmoja amepata vijiko vinane kutoka kwenye chai peke yake, ilhali Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni vyema mtu mzima asivuke takriban vijiko sita kwa siku, kutoka vyakula na vinywaji vyote kwa jumla.

Tena kuna nyumba nyingi ambamo sukari hutiwa sufuriani chai ikichemka, ndipo inamiminwa kwenye chupa. Katika nyumba hiyo mtu mmoja hawezi kupunguza sukari. Ama wamepunguza wote, ama hakuna aliyepunguza. Jambo hili dogo la jikoni linaonyesha kwa nini ushauri wa mtu mmoja unaishia mlangoni.

Sasa fikiria mwanamke huyu aliyetoka kliniki akiwa ameshawishika kabisa. Anapika ugali mdogo, anaongeza mboga, anaondoa soda ya Jumapili. Mume anaitazama sahani. "Mama watoto, leo unga umeisha?" Hajauliza kwa ubaya. Kwetu sahani iliyojaa ni heshima. Mke anayempakulia mumewe kidogo anaonekana amekasirika, au amechoka na ndoa, au pesa zimekwenda kwingine. Mgeni akiandaliwa chai isiyo na sukari atatoka akisimulia. Mama mkwe akimkuta mwanawe amekonda, swali la kwanza litamwendea mke. Kitambi cha mwanaume aliyeoa bado kinahesabiwa kuwa ushahidi kwamba anatunzwa, na wako wake wanaosifiwa kwacho.

Na kukonda kuna uzito wake mwingine. Kizazi kilichoishi miaka ya 1990 kiliwaona majirani wakiisha mwili kwa ukimwi, na macho ya kizazi hicho hayajasahau. Mwanaume akipungua kilo sita mtaani Kaptembwa au Bondeni, minong'ono inaanza. Mwanaume huyo asipokuwa na mkewe upande wake, asipokuwa na mtu wa kusema kwa sauti mbele ya ndugu kwamba "tumeamua sisi wawili kupunguza uzito," atarudia kula ili kunyamazisha watu. Mtu aliyejipanga vyema anaweza kushinda njaa. Aibu ya kijiji ni ngumu zaidi kuishinda, na mtu huishinda akiwa na mwenzake.

Kwamba kujikinga kunawezekana hakuna tena ubishi. Huko Da Qing, mji wa kaskazini mashariki mwa Uchina, watu 577 waliokuwa na sukari iliyopanda kidogo, bado haijafika kisukari, walianza mwaka 1986 kufuatwa kupitia zahanati 33. Zahanati nyingine zilifundisha kula vizuri, nyingine mazoezi, nyingine vyote viwili, nyingine ziliendelea kama kawaida. Mafunzo yalidumu miaka sita. Miaka 30 baadaye, waliofundishwa walikuwa wamekichelewesha kisukari kwa karibu miaka minne kwa wastani, na vifo vya moyo miongoni mwao vilikuwa vichache. Ufini walipata matokeo yao mwaka 2001, Marekani 2002, na nchi zote mbili zikatoka na tarakimu ile ile: waliobadili maisha walipunguza hatari ya kuingia kisukari kwa asilimia 58. Katika utafiti wa Marekani, uliokuwa na watu 3,234, kikundi kilichopewa dawa ya metformin kilipunguza hatari kwa asilimia 31. Chakula na kutembea vilishinda kidonge.

Na hao wa Marekani waliobadili maisha walitakiwa wafanye nini? Kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, dakika 150 kwa juma. Mtu wa kilo 80 anatakiwa apunguze chini ya kilo sita. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Hapo hakuna jimu ya kulipia wala unga maalumu wa dukani. Misuli inapofanya kazi huivuta sukari kutoka damuni hata pale insulini inapokuwa imeanza kushindwa, na ndiyo sababu matembezi mafupi baada ya chakula cha jioni yana faida kubwa kuliko yanavyoonekana. Lakini kumbuka kwamba watu wale wa Da Qing na wa Marekani hawakuachwa peke yao. Walikuwa na mtu wa kuwafuata, kuwauliza, kuwatia moyo mwezi baada ya mwezi. Nakuru haina washauri wa kutosha kumpa kila mtu mmoja. Ina wanandoa.

Mwaka 2015 watafiti wa University College London walichapisha walichokiona kwa wanandoa 3,722 wa Uingereza wa umri wa miaka 50 na zaidi. Aliyekuwa hafanyi mazoezi alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuanza iwapo mwenzake naye ameanza. Vivyo hivyo kwa kuacha sigara na kupunguza uzito. Kilichonivutia zaidi ni hiki: mwenzi anayebadilika sasa, pamoja nawe, anasaidia kuliko yule ambaye tangu zamani alikuwa na afya njema. Nadhani wengi tunalijua hilo bila kusoma. Ni vigumu kumsikiliza mtu ambaye hajawahi kuhangaika na kile unachohangaika nacho. Ni rahisi kutembea na anayehema kama wewe.

Tena kwa mji wetu kutembea wawili kuna maana ya usalama. Wanaoshauri mazoezi ya alfajiri huwa hawamfikirii mwanamke anayetoka peke yake saa kumi na moja na nusu huko Free Area, Rhonda au barabara za ndani za Lanet, taa zikiwa chache na mbwa wengi. Wanawake wengi wanataka kutembea lakini wanaogopa, na wana haki ya kuogopa. Akitoka na mumewe hofu ile inapungua sana, na mume naye amepata mazoezi ambayo asingeyafuata kwa hiari.

Lazima niseme pia kile kinachoweza kuharibika. Mabadiliko ya wawili yanaweza kugeuka kazi ya tatu ya mwanamke. Tayari anapika, tayari analea, sasa anapewa na jukumu la kumlinda mtu mzima asile chapati ya tatu. Mume anakuwa mtoto, mke anakuwa askari, na kila mlo unakuwa kesi. Hilo silo ninalolitetea. Mwanaume anayetaka kuishi miaka mingi na amenye viazi mwenyewe, apite sokoni jioni na kununua fungu la terere, asimamie kikombe chake mwenyewe. Na liko jambo baya zaidi. Zimo nyumba ambamo maneno kuhusu mwili wa mke ni silaha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba uzito uliozidi uliwapata wanawake zaidi ya mara mbili ya wanaume, na najua mwanaume wa aina fulani ataisoma habari hiyo na kumwendea mkewe nayo. Kwake yeye nasema: wanaume hupata kisukari wakiwa na uzito mdogo kuliko wanawake, kwa sababu mafuta yetu hujikusanya tumboni, kuzunguka ini na kongosho. Huyo mwenye shati linalovutana vifungo hana jukwaa la kumhutubia mtu.

Wapo pia wanandoa wasiokaa pamoja, na katika kaunti hii ni wengi. Dereva wa lori anayelala Salgaa anakula anachokikuta. Mke yuko Naivasha kwenye shamba la maua, zamu yake ni ya kusimama na saa zake za kula si zake. Kwao hakuna sufuria moja. Bado nimeona watu wa namna hiyo wakisaidiana kwa simu, mmoja akiuliza leo umekunywa soda ngapi, mwingine akijibu kwa ukweli kwa kuwa anajua naye ataulizwa. Ni msaada mdogo, lakini ni mkubwa kuliko kimya. Mjane, au aliye peke yake, anaweza kumpata dada, jirani, mwenzake wa chama. Sisemi ndoa ni tiba. Nasema kwamba palipo na watu wawili wanaokula pamoja, kumtibu mmoja ni kuiacha kazi nusu.

Na nchi hii inajua kuwaita wawili. Tulifanya hivyo kwa ukimwi. Tangu vituo vya ushauri na upimaji wa hiari vilipoenea mwanzoni mwa miaka ya 2000, wapenzi walihimizwa kuja pamoja, wakae kwenye benchi moja, wasikie majibu pamoja. Kliniki za wajawazito zilianza kumwalika baba. Haikuwa rahisi, wanaume wengi walikataa, lakini hakuna aliyesema ni wazo la kipuuzi. Kwa kisukari, ambacho hakina hata chembe ya shutuma ya nani alimletea nani, hatujathubutu kufanya vivyo hivyo.

Tuanze na wodi ya wazazi. Mama akigunduliwa na kisukari cha ujauzito, iwe katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti ya Nakuru au katika kituo cha afya cha Subukia, anatakiwa apimwe tena wiki kadhaa baada ya kujifungua, kwa sababu hatari yake ya kupata kisukari cha kudumu imepanda. Siku hiyo mume naye apimwe. Tayari ana sababu ya kuwapo, ana mtoto mchanga wa kumbeba. Wapo vijana wa miaka 28 na 30 ambao hiyo ndiyo itakuwa mara yao ya kwanza kujua sukari yao, na umri huo ndio unaofaa, kabla kongosho halijachoka. Ule utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba Wakenya karibu tisa kati ya kumi hawakuwa wamewahi kupimwa sukari, na kwamba kati ya waliokutwa na kisukari, chini ya nusu ndio waliokuwa wanajijua.

Makanisa yana semina za wanandoa karibu kila mwezi, kuanzia Milimani mpaka Njoro. Yanazungumzia pesa, malezi, uaminifu. Saa moja ya semina hiyo ingetosha kuwapima wote shinikizo, kiuno na sukari, kisha wazee wa kanisa waamue kwamba chakula cha mchana cha siku hiyo kitakuwa na githeri, mboga na maji, bila kreti za soda. Wazee wakila hivyo mbele ya watu, yule mke aliyepunguza ugali nyumbani amepata mtetezi.

Lakini chombo kikubwa zaidi tunacho na hatukitumii ipasavyo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, wakapewa mikoba yenye vifaa, vikiwemo mizani, mashine ya shinikizo na mashine ya kupima sukari. Hawa wanaingia majumbani. Wanajua nani amejifungua, nani amefiwa, nani ameacha dawa. Tatizo ni kwamba wanabisha hodi saa nne asubuhi ya Jumatano, wakamkuta mama na mtoto, wakaandika, wakaondoka. Baba hayumo kwenye daftari. Kaunti ingewalipa marupurupu kidogo ya Jumapili alasiri, saa tisa hadi saa kumi na moja, watu wakiwa wametoka kanisani na mume yuko nyumbani, tungewapata wote wawili kwa kubisha hodi mara moja. Sukari zao ziandikwe kwenye ukurasa mmoja wa kijitabu kimoja, na mashauri yatolewe wote wakisikia, ili jioni ya siku hiyo pasiwepo wa kuuliza unga umeishia wapi.

Mashine bila vijiti vya kupimia ni mzigo wa bure, na vijiti vinaisha haraka. Bunge la Kaunti ya Nakuru hupitisha bajeti kufikia mwisho wa Juni kila mwaka. Wala tusiambiwe pesa hazipo: mashine ya kusafisha figo, kitanda cha aliyekatwa mguu, macho yaliyochelewa kutibiwa, vyote hivyo tunavilipia tayari. Mwakilishi wa wadi yako akija kuomba kura au kuzindua barabara, muulize ametenga kiasi gani cha vijiti vya sukari kwa wadi hiyo, na kama idadi imehesabiwa kwa watu wawili kila nyumba au mmoja.